Maore: Kura Iliyohesabiwa Mara Mbili

Ufaransa hudai kwamba wenyeji wa kisiwa cha Maore, ambacho yenyewe hukiita Mayotte, walichagua kwa hiari yao kubaki chini yake. Kauli hiyo si ya uongo. Ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Mnamo Desemba 22, 1974, Wangazija wa visiwa vyote vinne, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, walipiga kura ya pamoja. Takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Miezi miwili kabla ya hapo, Rais Valéry Giscard d'Estaing alikuwa ametamka hadharani kwamba visiwa hivyo ni nchi moja. Lakini ilipodhihirika kwamba wengi wa Maore wameukataa uhuru, bunge la Paris likageuza kanuni, likataka kila kisiwa kiamuliwe peke yake. Ahmed Abdallah alitangaza uhuru Julai 6, 1975, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne. Shauri lilipofikishwa mbele ya Baraza la Usalama Februari 1976, Ufaransa ilitumia kura yake ya turufu. Mshtakiwa akawa hakimu!

Huenda msomaji wa hapa Eldoret, mbali na bahari, akauliza hayo yanamhusu nini. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba wengi wa wakazi wa kaskazini mashariki mwa nchi yetu walitaka kujiunga na Somalia. Kenya ilikataa kumegwa, na mwaka 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo wakaazimia kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Hatuwezi kuishika kanuni hiyo kwa Garissa kisha tuiachilie kwa Maore.

Siwalaumu watu wa Maore, ambao walipiga kura tena mwaka 2009 na kisiwa chao kikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa mwaka 2011. (Sisi wa mji huu, ambao walowezi waliuita Sitini na Nne kwa nambari ya shamba, hatushangai ardhi ya watu ikipewa nambari.) Nani asingetaka shule na hospitali, hali ng'ambo ya maji mamluki Mfaransa, Bob Denard, aliwapindua marais mwaka 1978 na tena 1995?

Mwaka huo huo wa 1995 Ufaransa iliwawekea Wangazija sharti la viza. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 hivi, na jamaa wa pande hizo ni ukoo mmoja. Tangu hapo huvuka usiku kwa mashua ndogo. Ripoti ya maseneta wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria waliokufa maji kuwa kati ya 7,000 na 10,000.

Serikali ya Moroni nayo haijajisaidia. Julai 2019 Rais Azali Assoumani alikubali euro milioni 150 za maendeleo, pamoja na ahadi ya kuwazuia wavukao. Anayedai shamba lake hapokei posho ya kulinda ua wa aliyelitwaa.

Nairobi ilirejeshe suala hili mezani Addis Ababa, na ianze na hiyo viza.