Mtungi wa kuzimia moto kwenye pikapu: Ni wa kumwonyesha trafiki au wa kuzima moto?

"Mtungi wa kuzimia moto upo?" Dereva wa pikapu analijua swali hilo kama anavyolijua la leseni na la pembetatu za kuakisi mwanga. Anakunja siti, anapapasa nyuma yake kati ya jeki na kamba, anatoa mtungi mwekundu wenye vumbi na kuuinua dirishani. Trafiki anautazama, safari inaendelea.

Kwa madereva wengi, hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mtungi huo umewahi kufanya.

Sababu si uzembe tu. Pikapu nyingi nchini Tanzania ni za kazi: mali ni ya bosi, lakini faini ya barabarani, ambayo kwa makosa mengi ni Sh30,000, mara nyingi humwangukia dereva. Akitoa hela mfukoni mwake, ananunua mtungi wa bei chee kuliko yote dukani. Ananunua kinga ya faini. Ukaguzi wa barabarani nao, kwa ufupi wake, hauwezi kujua kama kilichomo ndani ya chuma kile bado kinafanya kazi.

Tatizo linaonekana mbali na mji. Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Waya ukishika moto chini ya boneti katikati ya hapo, simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, inaweza kupokelewa vizuri kabisa, lakini gari la zimamoto linatoka mjini. Moto wa boneti unahitaji dakika chache tu kuingia kebini. Anayebaki kuwa zimamoto ni dereva mwenyewe, na alichonacho ni kile alichokinunua.

Kilo 1 ni sekunde chache

Mitungi midogo ya kilo 1 ndiyo iliyozagaa kwenye magari madogo. Ukiibana, poda hutoka kwa sekunde kati ya 6 na 10 hivi, kisha basi. Mtu aliyepaniki anaweza kuzimaliza zote akinyunyizia juu ya ndimi za moto, pasipo na faida. Kwa pikapu, wa kilo 2 ni chaguo la busara zaidi, na kwa inayobeba madumu ya mafuta, hata huo ni wa kuanzia tu.

Kuna mahali pa kusoma kabla ya kulipa. Mitungi iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huandikwa namba na herufi, kwa mfano 34B. Maana yake ni kwamba ulizima beseni la majaribio lenye lita 34 za mafuta na maji, tena mikononi mwa mtu aliyezoea. Namba kubwa, uwezo mkubwa. Mtungi usio na maandishi yoyote ya namna hiyo, wala alama ya shirika la viwango kama TBS, unauzwa kwa rangi yake tu.

Herufi nazo zina uzito. Poda ya BC inaweza kuangusha moto wa petroli, lakini siti na mazulia vikishaanza kuungua, moto hurudi. Poda ya ABC inashughulikia pia vitu vigumu kama kitambaa na mbao. Pikapu inabeba magodoro, magunia, maturubai. Kwa hiyo ABC haina mjadala. Gesi ya kaboni ni nzuri chumbani kwenye vifaa vya umeme, ila barabarani upepo huipeperusha na moto kuwaka upya. Maji kwenye petroli inayowaka ni kuusambaza moto.

Mkaa ni kesi ya peke yake. Poda haipoozi kitu. Gunia la mkaa linalofukuta ndani linaweza kunyamaza kwa muda na kuwaka tena mbele ya safari. Hapo dumu la maji lina thamani kuliko mitungi miwili.

Nyuma ya siti ni mahali pabaya

Watu hufikiria mtungi uwe karibu na dereva akiwa ameketi. Hesabu sahihi ni nyingine: gari likiungua, dereva anasimamisha, anazima injini, anashuka. Mtungi unatakiwa ufikiwe na mkono mmoja na mtu aliyesimama nje ya mlango uliofunguliwa. Nyuma ya siti ya pikapu ya kebini moja, hilo haliwezekani bila kuingia tena kwenye moshi.

Nyuma kwenye bodi kuna wizi, mvua, vumbi na jua. Tena mzigo ukipakiwa, mtungi unazikwa. Chini ya boneti usifikirie kabisa, kwani huko ndiko moto mwingi huanzia.

Panapobaki ni pembeni mwa siti upande wa mlango, au chini mbele ya siti, mradi hapagusi pedali, hapazuii siti kusogea wala hapaingiliani na airbag. Palipo finyu kwa dereva, upande wa abiria unafaa, kwa kuwa mlango ule pia hufunguka kutoka nje.

Kisha ufungwe kweli kweli. Mtungi wa kilo 2 ukijazwa hupita kilo 3 pamoja na chuma chake. Ukiwa umeachwa ujiviringishe sakafuni, breki ya ghafla inaweza kuupeleka chini ya pedali, na gari likipinduka unakuwa kama jiwe lililorushwa ndani ya kebini. Kishikio cha plastiki kinachokuja na mitungi ya bei rahisi ni cha ukutani. Kwenye barabara ya makorongo hakimalizi mwezi. Kinachofaa ni kishikio cha chuma chenye mkanda wa kufyatua, kilichokazwa kwa bolti na nati kwenye chuma, si kwa skrubu kwenye plastiki.

Fundi akitaka kutoboa sakafu, kwanza alale chini ya gari aangalie. Mabomba ya mafuta na ya breki pamoja na nyaya hupita huko, na kwenye baadhi ya pikapu tangi liko karibu. Ingekuwa ajabu kuleta moto kwa kufunga kizima moto.

Sindano ya kijani haitoshi

Geji ikiwa kwenye kijani, wengi huridhika. Geji inaonyesha presha, haionyeshi hali ya poda. Mtikisiko wa gari hushindilia poda chini, na siku ya siku presha hutoka yenyewe huku poda imeganda. Kila mwezi mtungi utolewe, upinduliwe na kugongwa taratibu kwa kiganja hadi poda isikike ikitembea. Uliowahi kubanwa hata mara moja upelekwe kujazwa, maana poda hubaki kwenye vali na presha huvuja kidogo kidogo. Joto nalo: mitungi mingi imeruhusiwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi, na kebini iliyofungwa juani inaweza kukaribia hapo. Kivulini ni bora.

Moto ukitokea

Watu wote watoke kwanza na kusogea mbali. Moshi ukitoka kwenye boneti, isifunguliwe yote, kwa sababu hewa ikiingia moto unalipuka kwa nguvu. Inatosha kuachia loki tu, kisha kuelekeza poda kwenye upenyo, chini penye chanzo cha moto, dereva akisimama upande upepo unakotoka.

Mtungi ukiisha na moto upo, ni kuondoka. Ni kuondoka mapema zaidi kama mafuta yamemwagika, iwe ni ya gari hilo au la jirani. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukusanyika kuchota petroli. Hakuna mtungi wa pikapu unaoweza kitu mbele ya moto wa aina hiyo.

Kwa bosi mwenye pikapu tatu au nne, gharama ya mitungi mizuri na vishikio vya chuma ni ndogo mno ukilinganisha na gari moja lililobaki fremu. Ila ainunue yeye, si dereva.