Ukweli Huo Huo, Wasemaji Wawili

Oksijeni ikishuka katika damu ya mgonjwa mahututi, hakuna tamko la wizara litakaloipandisha. Daktari bingwa wa mapafu huishi na ukweli huo kila zamu, na nadhani ndiyo sababu maisha ya kazi ya Zhong Nanshan wa Guangzhou, China, yanawafaa wanaosoma siasa kuliko hata wanaosoma tiba.

Zhong alizaliwa mwaka 1936. Katika ujana wake alikuwa mwanariadha wa mbio za mita 400 kuruka viunzi. Mapinduzi ya Utamaduni yalimchelewesha mno, hata akaanza kutibu wagonjwa Guangzhou akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Baadaye alisoma Edinburgh, akarejea kuongoza taasisi ya magonjwa ya njia ya hewa.

Kisha ikaja SARS. Februari 2003 wataalamu wa serikali kuu walitangaza kwamba chanzo chake ni bakteria wa jamii ya klamidia. Tangazo hilo lilikuwa na faraja ya kisiasa, kwani klamidia hutibika kwa viuavijasumu. Zhong alikataa, kwa hoja ya mtu aliyesimama kando ya vitanda: wagonjwa walikwisha kupewa viuavijasumu na hawakupona. Aliomba walio taabani zaidi waletwe katika taasisi yake. Aprili, mbele ya waandishi wa habari mjini Beijing, alihoji iwapo ugonjwa ambao chanzo chake hakijajulikana unaweza kuitwa uliodhibitiwa. Ikabainika kuwa ni kirusi cha korona. Watu 774 walikufa duniani.

Hapa wengi huhitimisha kwa kumpigia makofi shujaa. Mimi nasita, kwa sababu ya yaliyotokea miaka 17 baadaye.

Januari 20, 2020, Zhong, akiwa na miaka 83, alitangaza kwenye televisheni ya taifa kwamba ugonjwa mpya wa Wuhan unaambukizwa kati ya binadamu na binadamu. Siku tatu baadaye mji wa Wuhan ukafungwa. Lakini Li Wenliang, daktari wa macho mjini humo, alikuwa amewatahadharisha wenzake tangu mwisho wa Desemba, na Januari 3 polisi wakamtia saini barua ya onyo kwa kueneza uvumi. Zhong alikuwa na cheo, umri na kamera. Li alikuwa na simu tu. Serikali iliyomhitaji mzee atoke Guangzhou ili iamini kilichokuwa kikisemwa Wuhan haikukosa wataalamu, ilikosa masikio kwa wadogo.

Nami siungi mkono dhana ya kumgeuza Zhong kuwa mtume. Alipoitetea dawa ya mitishamba iitwayo Lianhua Qingwen, wapo waliohoji ushahidi wake, na walikuwa na haki ya kuhoji. Kama mwaka 2003 tulimsifu kwa kuipinga kauli ya wakubwa, hatuwezi leo kuifanya kauli yake isipingike.

Kwa haki yake, Zhong alimlilia Li mbele ya mwanahabari, akasema anajivunia kijana huyo. Septemba 2020 alivishwa Nishani ya Jamhuri. Onyo la Li lilikuwa limefutwa mwezi Machi, na polisi wa Wuhan wakaiomba radhi familia yake. Mwenyewe alifariki Februari 7.