MAJINA YA MAKAMISHNA YAJULIKANE MAPEMA

Mkulima wa pamba wa Nyalikungu, mkoani Simiyu, na mvuvi wa Kojani, kisiwani Pemba, huenda wasionane maisha yao yote. Hata hivyo wako watu wachache ambao Katiba ya Jamhuri ya Muungano imewapa kazi ya kuwasikiliza wote wawili pindi wanapodhulumiwa na mwenye mamlaka. Watu hao ni Makamishna wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ni haki, basi, mkulima huyo na mvuvi huyo kuuliza: Makamishna hawa wanapatikanaje, nani anawapendekeza, na sisi tunayajua majina yao lini?

Swali hili halina uchokozi ndani yake. Mwananchi anayepeleka shauri lake mahali anataka kwanza kujua kwamba anayemsikiliza hana deni kwa yule anayelalamikiwa. Wazee wetu walisema kesi ya ngedere hakimu asiwe nyani. Hawakuwa na maana kwamba kila nyani ni mwongo. Walikuwa na maana kwamba hata nyani akiamua kwa haki, hakuna atakayemwamini.

Tuanze na yaliyoandikwa. Ibara ya 129 ya Katiba inasema kwamba Tume itakuwa na Mwenyekiti mwenye sifa za kuweza kuteuliwa kuwa Jaji, Makamu Mwenyekiti, na Makamishna wengine wasiozidi watano wenye ujuzi na uzoefu katika mambo ya haki za binadamu, sheria, utawala, siasa au jamii. Mwenyekiti akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wake hana budi kutoka sehemu ya pili. Wote huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi. Kamati hiyo huongozwa na Jaji Mkuu, na wajumbe wake ni Spika wa Bunge, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi, naye Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiwa ndiye Katibu. Kamishna akishateuliwa anatakiwa kuacha mara moja wadhifa wowote alio nao katika chama cha siasa.

Hakuna asiyeona wema wa mpango huu. Pande mbili za Muungano zimekaa meza moja, kwa idadi sawa ya wajumbe. Mahakama imo, na vyombo vya kutunga sheria vimo. Ukilinganisha na tulikotoka, hii ni hatua kubwa. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyotokana na Katiba ya Muda ya mwaka 1965 na ambayo Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, iliteuliwa na Rais na taarifa zake zilikwenda kwa Rais. Tume ile ilizunguka mikoani na kuwasikiliza wanyonge wakati nchi nyingi za Afrika hazijafikiria jambo kama hilo. Hiyo ni sifa yetu, wala hatuna sababu ya kuificha. Lakini mwananchi hakuwa na namna ya kusema lolote juu ya nani awe mjumbe wake.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001, yaliifanya Tume mpya kuwa pana zaidi na kuipa Kamati ya Uteuzi. Tume ilianza kazi mwaka 2002 chini ya Jaji Robert Kisanga. Lakini katika jambo moja tumebaki karibu pale pale tulipokuwa mwaka 1966. Katiba haitamki kwamba nafasi zitangazwe. Haitamki kwamba majina ya wanaofikiriwa yachapishwe. Haitamki kwamba mwananchi apewe muda wa kusema anachokijua juu yao. Kanuni za chini zinaweza kujaza sehemu ya pengo hili, na tangazo la nafasi linaweza kutolewa. Lakini kutangaza nafasi ni kitu kimoja, na kumwonyesha mwananchi majina kabla wino haujakauka ni kitu kingine. Kwa kawaida mwananchi wa Nyalikungu na wa Kojani husikia majina hayo siku uteuzi unapotangazwa redioni. Wakati huo ushauri wake hauna kazi tena.

Watasema baadhi ya viongozi: hawa ni watu saba tu, kuna haja gani ya makelele? Tunawajibu kwa mfano wa karibu na Simiyu. Oktoba 2001, katika kijiji cha Nyamuma, wilayani Serengeti, mkoa jirani wa Mara, nyumba za wanakijiji zilichomwa moto na wenyewe wakafukuzwa katika ardhi yao. Waliolalamikiwa ni viongozi wa Serikali wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikapeleka malalamiko kwa Tume. Tume ilisikiliza ushahidi, na mwaka 2004 ikatamka kwamba haki za watu wale zilivunjwa na kwamba wanastahili fidia. Serikali haikukubali, na shauri likaendelea mahakamani hadi Mahakama ya Rufani.

Tunaukumbusha mkasa huu kwa sababu ya somo lililomo. Tume haina askari wala gereza. Nguvu yake yote ni ujasiri wa watu wanaoketi katika viti vyake, na imani ya watu wanaosimama mbele yao. Kamishna anayejua kwamba ameteuliwa kwa sifa zilizopimwa hadharani atamwambia mkuu wa wilaya neno gumu bila kutetemeka. Kamishna ambaye hata mwenyewe hajui kwa nini ameteuliwa atatazama kwanza nani anamtazama.

Jambo hili linazidi uzito tukikumbuka mipaka ya Tume. Ibara ya 130 inasema Tume haitalazimika kufuata amri ya mtu yeyote, ya idara yoyote ya Serikali wala maoni ya chama chochote cha siasa. Lakini Ibara hiyo hiyo inaongeza kwamba Rais hazuiwi kuipa Tume maelekezo akiridhika kwamba manufaa ya umma yanataka hivyo. Hatujadili leo kama kifungu hicho kibaki au kiondoke. Tunasema tu kwamba pale ambapo sheria imeacha mlango wa namna hiyo, uimara wa watu walio ndani ya nyumba ndio kinga kubwa iliyobaki.

Wasomaji wetu wa visiwani wana sababu zao za kulifuatilia suala hili kwa macho mawili. Yalipotokea mauaji ya Januari 26 na 27, 2001, Unguja na Pemba, Tume hii ilikuwa haijaanza kazi. Uchunguzi uliofuata ulifanywa na tume maalumu ya Rais iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Na hata sheria ya Tume ya Haki za Binadamu ilipoanza kutumika Bara, ilibidi Baraza la Wawakilishi lipitishe sheria yake mwaka 2003 ili Tume ipate kufanya kazi Zanzibar. Kwa hiyo Mzanzibari aliingoja Tume hii. Aliyengoja mgeni kwa muda mrefu ana haki ya kumwuliza jina anapobisha hodi.

Kanuni ya Mwenyekiti na Makamu kutoka pande mbili za Muungano ni ngao nzuri kwa visiwani, lakini ngao hiyo peke yake haitoshi. Kuzaliwa kisiwani si sawa na kuyajua ya Micheweni au Makunduchi. Vivyo hivyo, kuzaliwa Bara si sawa na kuyajua ya wafugaji na wakulima wanaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Wanaoweza kusema nani anayajua hayo, na nani aliyapigania kabla hajatafuta cheo, ni watu wa mahali hapo. Kuwaacha watu hao nje ya mazungumzo ni kujinyima ushahidi bora kuliko wote.

Mataifa nayo yamekwisha kulisema hili. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa Azimio Na. 48/134 la Desemba 20, 1993, zinataka taasisi za namna hii ziundwe kwa utaratibu unaohakikisha kwamba makundi mbalimbali ya jamii yamo, na kwamba muda wa wajumbe umewekwa wazi. Majirani zetu wamejaribu njia zao. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, iliweka jopo la kuchagua ambalo hutangaza nafasi, huchapisha majina na kuwahoji waombaji, kisha Bunge huidhinisha kabla Rais hajateua. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamtaka Rais apate idhini ya Bunge.

Hatusemi tuige kila kitu. Uganda, pamoja na idhini hiyo ya Bunge, ilikaa bila mwenyekiti kamili wa tume yake tangu alipofariki Meddie Kaggwa mwaka 2019 hadi alipoteuliwa Mariam Wangadya mwaka 2021. Tena ziko sababu za kuogopa kwamba Bunge linaweza kugeuza sifa za mtu kuwa ugomvi wa vyama. Lakini sisi nasi hatukosi doa la namna hiyo. Kabla ya uteuzi wa mwaka 2019, ambapo Jaji Mathew Mwaimu alifanywa Mwenyekiti, Tume yetu ilipita katika kipindi ambacho Makamishna waliotangulia walikuwa wamemaliza muda wao na warithi wao hawajateuliwa. Ofisi zilikuwapo, watumishi walikuwapo, lakini wenye mamlaka ya kuamua hawakuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananchi aliyedhulumiwa katika kipindi hicho hakupewa likizo ya kudhulumiwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, na yote yanaweza kutekelezwa bila kungoja Katiba mpya.

Kwanza, kazi ya kutafuta Makamishna ianze miezi sita kabla ya muda wa waliopo kwisha. Sheria imewapa Makamishna miaka mitatu, na nafasi ya kuteuliwa tena kipindi kimoja. Tarehe ya mwisho inajulikana tangu siku ya kwanza, basi kuchelewa hakuwezi kuitwa ajali.

Pili, Kamati ya Uteuzi iyachapishe majina ya wanaofikiriwa, pamoja na maelezo mafupi ya kazi walizofanya, katika Gazeti la Serikali, katika magazeti ya kila siku na katika redio. Mwananchi apewe siku 21 za kupeleka maoni kwa maandishi. Maoni hayo yasiwe kura, wala yasimfunge mikono Rais. Yawe ushahidi tu mbele ya Kamati.

Tatu, mahojiano yafanywe hadharani, na angalau kikao kimoja kifanyike Zanzibar. Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi wamo katika Kamati. Hao ndio wanaofaa kuhakikisha kwamba majina yamefika Unguja na Pemba kabla hayajafika Ikulu.

Nne, uteuzi unapotangazwa, zitolewe na sababu. Maneno machache yanatosha: huyu ameteuliwa kwa kazi hii aliyoifanya, mahali fulani, kwa muda fulani.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi ya haya. Itasemwa kwamba watu wazuri watakataa kuomba wakihofia kuchafuliwa majina. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na Kamati haina budi kuyachuja maoni na kuyatupa yale ya fitina. Lakini kazi ya Kamishna ni kusimama mbele ya wenye nguvu na kuwaambia wamekosea. Asiyeweza kuvumilia siku 21 za maswali ya wananchi ataivumiliaje miaka mitatu ya hasira za wakubwa?

Kwa maofisa wa Serikali tunasema: uwazi huu hauwanyang'anyi kitu. Unawalinda. Tume inayoaminika ikisema ofisa fulani hakukosea, wananchi watakubali na ofisa ataondoka amesafishwa. Tume isiyoaminika ikisema hivyo hivyo, watu wataguna. Nayo heshima ya Rais inalindwa zaidi anapoteua jina lililokwisha kupimwa na watu kuliko anapobebeshwa peke yake lawama za jina lililotoka chumbani.

Na kwa wananchi wenzetu, wa Bara na wa visiwani, tunasema: haki hii ikitolewa, itumiwe. Yakichapishwa majina na pasitokee hata mmoja wa kuandika barua, tutakuwa tumeomba mlango ufunguliwe kisha tukakaa uani. Tume ni ya wote. Wateule wake wajulikane na wote, na wajulikane mapema.