Kifaranga wa rangi ya majivu

Jumapili iliyopita jirani yangu alinitumia picha WhatsApp. Kuku wake alikuwa ameatamia mayai ya kanga, aliyoyanunua kwa mfugaji mwenye kibali, na siku ya 27 wakatoka vifaranga 11. Kumi ni wa kahawia wenye michirizi myeusi kichwani. Mmoja ana rangi ya majivu. Bibi alishaamua: huyo ni mgonjwa, aondolewe kabla hajawaambukiza wenzake. Mjukuu wa miaka sita, aliyekwisha kumpa jina la Majivu, alikuwa analia tangu asubuhi.

Mimi huandika afya za watu, si za ndege, na nakiri nilipoiona picha nilifikiria upungufu wa damu. Nikampigia afisa mifugo. Akacheka.

Kanga wa kufugwa ametokana na kanga wa porini wa Afrika, yule mwenye pembe ya mfupa utosini. Rangi yake ya asili ni kijivu kilichokolea chenye madoa meupe, na inasemekana khanga wanazojifunga mama zetu zilipata jina kwa madoa hayo. Lakini kwa wafugaji zipo rangi nyingine. Yupo mweupe mtupu, bila doa. Yupo wa zambarau nzito, kwa mbali utadhani mweusi, mwenye madoa machache. Yupo wa madoa mwenye kifua cheupe. Na yupo wa kijivu hafifu, madoa yake yakiwa palepale. Huyo ndiye Majivu.

Kijivu hafifu hujificha kwenye urithi. Wazazi wawili wa rangi ya kawaida wanaweza kukibeba, kikaonekana kwa kifaranga aliyekipata pande zote mbili. Ndivyo wazazi wa kundi A la damu wanavyoweza kumzaa mtoto wa kundi O (na hapo baba hana sababu ya kumshuku mama).

Kwa hiyo mzazi, usimpime kifaranga kwa rangi. Tazama mabawa yaliyolegea, manyoya yaliyotutumka, kusinzia mchana, kuharisha, kujitenga na wenzake. Madoa nayo yasubirini: manyoya ya kwanza huwa ya kahawia yenye mistari, madoa huja baada ya miezi kadhaa. Wala rangi haitakuambia dume au jike. Msikilize akikua, jike ndiye hulia kwa sauti ya vipande viwili.

Jambo lililonisumbua zaidi kwenye picha ile lilikuwa jingine: mtoto amembusu Majivu mdomoni. Kifaranga mzima kabisa anaweza kubeba vimelea vya salmonela kwenye kinyesi, na mtoto wa chini ya miaka mitano huumia zaidi. Amshike, asimbusu, kisha anawe kwa sabuni na maji tiririka.

Jioni waliwamwagia mchwa. Majivu alifika wa kwanza. Bibi amekubali abaki, ila jina hilo halitaki.