Mwenye Kiwanda Adai Programu Pamoja na Mashine

Mashine ya kujaza soda ikigoma usiku, mara nyingi spana haitoshi. Fundi anahitaji kompyuta yenye programu ya kufungua PLC, kile kidhibiti kinachopokea taarifa za vihisi na kuamuru mota na vali. Wamiliki wengi wa viwanda hugundua wakati huo kwamba walichonunua ni chuma tu: leseni ya programu hawana, na nakala ya maelekezo yaliyomo ndani aliondoka nayo mkandarasi.

Hali hiyo inakwenda kinyume na sababu ya kubuniwa kwa kifaa chenyewe. Mwaka 1968, kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors, Marekani, kilitaka kuachana na makabati ya relei yaliyolazimika kusukwa nyaya upya kila uzalishaji ulipobadilika. Bedford Associates, kampuni ya Dick Morley, ilijibu kwa kidhibiti kilichoitwa Modicon 084. Baadaye kila mtengenezaji alijijengea uzio wake. Siemens ina STEP 7, Rockwell ina Studio 5000, na kazi iliyoandikwa katika moja haifunguki katika nyingine.

Mlango wa kutokea upo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotolewa mwaka 1993, kiliainisha lugha tano za kupangia vidhibiti, ikiwemo ya michoro ya ngazi ambayo fundi aliyezoea relei huielewa upesi. Mwaka 1994 ikaanzishwa mjini Kempten, Ujerumani, kampuni iliyotengeneza CODESYS, programu isiyofungamana na chapa moja. Fundi huipakua bure. Anayelipia zaidi ni mtengenezaji wa kidhibiti. WAGO na ABB ni miongoni mwa waliotoa vidhibiti vinavyopangwa kwa msingi huo, hivyo ujuzi wa fundi haufi kiwanda kinapobadilisha chapa.

Kwa vyuo vya ufundi ipo OpenPLC, iliyoanzishwa na Thiago Alves. Msimbo wake uko wazi, nayo hufanya kazi hata kwenye Raspberry Pi. Chuo kinachosubiri bajeti ya leseni ghali ndipo kianze kufundisha kinawachelewesha wanafunzi bure.

Watengenezaji wakubwa huonya kuhusu usalama, na hoja yao si ya kupuuzwa: mwaka 2023 Microsoft ilitangaza udhaifu kadhaa katika CODESYS. Lakini kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilivifikia vidhibiti kupitia STEP 7 yenyewe. Chapa haimlindi anayeacha kusasisha programu au anayeunganisha vidhibiti na intaneti ovyo. Ni kweli pia kwamba mifumo ya kulinda maisha, kama ya kuzima boila kwa dharura, inafaa ibaki kwenye zana zilizoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Kwa shughuli nyingine zote, uamuzi ufanyike siku ya kununua. Mkataba utaje nakala ya programu inayoharirika, nywila zote, maelezo ya kila waya unaoingia na kutoka, na leseni kwa jina la kiwanda. Muuzaji akigoma kukabidhi hayo, mhasibu naye azuie malipo ya mwisho.