Mfuko wa Maafa Usingoje Maafa

Ndugu wanachama,

Rasimu ya kurekebisha kifungu cha Mfuko wa Maafa wa chama chetu imekwisha kuletwa mbele ya mikutano miwili, na mara zote mwenyekiti amelazimika kuahirisha kwa kukosekana akidi. Ilhali wale wale wasiohudhuria ndio waliojaza simu zetu maneno ya hamaki, huyu akidai kuwa fedha zataka kuliwa, yule akihoji kwa nini watia saini wote wawe Dar es Salaam.

Kifungu cha sasa, kama mjuavyo, hakiruhusu hata senti kutoka ila baada ya msiba, tena kwa barua ya mtendaji wa mtaa pamoja na picha za nyumba iliyobomoka. Alhasili, mjane wa pale Utemini, Singida, ambaye mabati yake yameshikwa na misumari haba hastahiki kilo moja ya misumari mpaka upepo wa mvua za Novemba uyang'oe, wala mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki hauzibuliwi kwa fedha zetu mpaka maji yamwingie mtu chumbani.

Wako wasemao kuwa Singida ni nchi kame, na mafuriko ni balaa la wengine. Je, wameisahau Katesh, iliyo katika barabara hiyo hiyo tuipitayo kwenda Babati, ambako tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na roho zaidi ya 80 zikapotea? Na huo ukame nao ni maafa, utakao matangi ya kuvuna maji kabla ya kiangazi, wala hakuna barua ya msiba iandikwayo kwa ajili ya kiu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 yataka maafa yazuiwe na watu wajiandae, si kugawiwa mablanketi tu. Sisi tungali katika mablanketi.

Hata hivyo, hofu ya ubadhirifu si ya kupuuzwa, kwani rasimu yaruhusu theluthi ya mfuko itumike kwa kinga bila kubainisha nani aidhinishe. Na iongezwe basi: pasiwe na malipo bila makadirio ya fundi, barua ya mtaa, na saini mbili, moja ikiwa ya mwanachama aliye ughaibuni, na fedha zilipwe dukani moja kwa moja, zisipitie mkononi mwa mtu.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Atakayekuwa na udhuru katiba yampa haki ya kuwakilishwa, mradi barua yake imfikie katibu siku 7 kabla. Ujumbe wa simu haukubaliki, na mwenye deni la ada hapigi kura. Anayeipinga rasimu naye na aje aipinge, kwani mwenye kusema hapana hutimiza akidi sawasawa na mwenye kusema ndiyo.