Maji ya Bamvua Hayaji Ghafla: Mifumo ya Pesa Ipimwe Kabla ya Mwisho wa Mwezi

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, shangazi yangu aliteremka bandarini Takaungu na beseni lake kama kawaida. Yeye ni mama karanga: ananunua samaki kwa wavuvi asubuhi, anakaanga, jioni anauza. Siku hizi habebi noti. Analipa kwa simu.

Siku hiyo alichagua samaki wa shilingi 1,800, akamtumia nahodha. Simu ikamwambia ombi lake linashughulikiwa. Dakika tano, kimya. Nahodha akaangalia simu yake, akasema, "Mama, kwangu haijaingia." Jua lilikuwa linapanda na wanunuzi wengine walikuwa wanangoja samaki walewale. Shangazi akatuma tena.

Saa tatu baadaye, zote mbili zikaingia.

Nahodha ni mtu wa hapa hapa, akarudisha pesa ya pili kesho yake bila maneno. Lakini siku ile shangazi hakuwa na hela ya mafuta ya kukaangia. Samaki wengine akawauza wabichi, kwa hasara. Na je, angekuwa amemtumia mtu asiyemjua, huko Mombasa au Malindi?

Jioni akaniuliza, "Mwanangu, wewe si umesoma haya mambo?" Nikamwambia, shangazi, mimi nilisomea masoko, si mitambo. Akaniangalia tu, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: "Kwani wao hawakujua leo ni mwisho wa mwezi?"

Kampuni iliyohusika siku ile siitaji. Ila swali lile ni la kampuni zote zinazogusa pesa zetu, pamoja na hii inayonipa nafasi ya kuandika hapa. Na maoni yangu ni haya: mfumo wa malipo unaozidiwa siku ambayo kila mtu aliijua mapema haukupata ajali. Haukupimwa vya kutosha. Na vifaa vya kuupimia vipo, vingine ni vya bure.

Foleni ya feri

Wazee wetu wanakumbuka feri ya Kilifi, kabla daraja halijakamilika mwaka 1991. Feri haikuhitaji kuharibika ndiyo foleni iwe ndefu. Ilitosha magari yaje kwa kasi kuliko feri inavyovusha. Kila dakika foleni inaongezeka, na aliyefika mwisho anaona kama feri haifanyi kazi kabisa.

Muamala wako ndivyo ulivyo. Ukibonyeza kutuma, hata kama umetumia namba za nyota na alama ya reli bila bando, ombi lako linasafiri kwa mitambo ya simu hadi kwenye seva. Njiani, na baina ya seva na seva, linakatwakatwa kuwa vipande vidogo vinavyoitwa paketi. Kila paketi ina anwani, inakotoka na inakokwenda. Paketi zikija nyingi kuliko kompyuta inavyoweza kupokea, nyingine zinangoja na nyingine zinatupwa. Huku kwako simu inasema "linashughulikiwa".

Sasa ni nyingi kiasi gani? Waya mmoja wa mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwenye vyumba vya seva, unaweza kupitisha paketi ndogo milioni 14.88 kila sekunde. Maana yake kompyuta inayozipokea ina nanosekunde 67 hivi kwa kila paketi, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Hodi moja moja

Kwa utaratibu wa zamani, kila paketi ikifika ni kama mgeni anayepiga hodi. Kompyuta inaacha ilichokuwa ikifanya, inafungua mlango, inamkaribisha, inampeleka chumba cha ndani, inarudi kazini. Wageni kumi, hakuna shida. Wageni milioni kumi kwa sekunde, kazi yote inakuwa kuitikia hodi.

Mwaka 2010 wahandisi wa Intel walianza kutengeneza programu inayoitwa DPDK ili kutatua hilo. Wazo lake ni rahisi: mlango uachwe wazi, na sehemu moja ya prosesa ikae pale mlangoni muda wote, ichukue paketi kwa mafungu na kuzipeleka moja kwa moja kunakohusika, bila kupitia mzunguko wote wa mfumo endeshi. Leo DPDK ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. Tangu 2017 inalelewa chini ya Linux Foundation.

Juu ya DPDK watu wamejenga vifaa vya kupimia. TRex, iliyotoka Cisco, inatengeneza msongamano wa bandia unaofanana na wa watu halisi, ili uone mitambo yako itaanza kulegea wapi. MoonGen ilitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani. Mwaka 2015 watafiti wake walionyesha kwamba sehemu moja tu ya prosesa inaweza kuujaza waya wa gigabiti 10 kwa paketi ndogo kabisa. Zamani kazi kama hiyo ilitegemea mashine maalumu za bei kubwa. Leo seva ya kawaida yenye kadi nzuri ya mtandao inaifanya.

Niseme ukweli wote: vifaa hivi vinapima njia, havipimi duka. Njia ikiwa pana lakini hifadhidata inayotunza salio lako ni nzito, bado utakwama. Ndiyo maana kuna vingine, kama Apache JMeter, ambacho pia ni huria. Hicho kinajifanya maelfu ya wateja wanaotuma, kutoa na kulipa kwa wakati mmoja. Vinahitajika vyote viwili.

Tuliona Julai 2023

Mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen lilishambuliwa. Serikali ilithibitisha, na Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuuziba mfumo kwa kuupelekea maombi mengi kupita kawaida. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Siku hizo kulikuwa na watu walioshindwa kununua tokeni za umeme kwa simu. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa madai ya kuliendesha kundi hilo.

Sasa linganisha. Mshambuliaji anatengeneza msongamano wa bandia ili mfumo uanguke mchana, watu wakiwa kwenye foleni. Anayepima anatengeneza msongamano wa bandia usiku, kwenye mitambo yake mwenyewe, ili ajue utaanguka wapi na aurekebishe. Kazi ni ileile. Tofauti ni nani ametangulia.

Kuna watakaosema, basi mbona vifaa hivi viachwe wazi, si wahalifu watavitumia? Kisu cha kuparia samaki pia kinaweza kuumiza mtu, na hatujakifungia. Kuvuruga mfumo wa mtu mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 hapa Kenya. Na mhalifu hangoji kuruhusiwa. Anayebaki nyuma ni yule mwema asiyejipima.

Ninachokitaka

Wavuvi wa Takaungu hawashtushwi na maji ya bamvua. Wanayajua: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari itajaa sana na itakupwa sana. Wanafunga vyombo vyao mapema. Sisi wa malipo tuna bamvua letu pia: mwisho wa mwezi, Idi, Krismasi, wiki ya kufungua shule. Yote yako kwenye kalenda.

Kwa hiyo nataka mambo matatu.

Kwanza, kila kampuni ya malipo ipime mifumo yake kabla ya siku hizo, kwa mzigo ulio mkubwa kuliko ule wa siku yenye shughuli nyingi zaidi waliyowahi kuwa nayo. Kisingizio cha gharama ya vifaa kimepungua sana. Kinachohitajika ni watu wenye ujuzi, na hao wanaweza kulelewa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo mfupi kutoka kwetu. Wape vijana nafasi ya mafunzo kazini, wape seva ya majaribio, uone.

Pili, matokeo yatangazwe kwa lugha ya kueleweka. Sitaki siri za usalama. Nataka niambiwe: tulipima tarehe fulani, tulistahimili kiasi fulani, tumerekebisha kitu fulani. Tunatumiwa meseji za promosheni kila siku. Hii moja haiwezi kukosa nafasi.

Tatu, mfumo ukizidiwa, useme. "Linashughulikiwa" haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya beseni la samaki. Mwambie: "Muamala huu haujakamilika. Usitume tena mpaka upate jibu." Maneno hayo tu yangemwokolea shangazi siku yake.

Sisemi kwamba kupima kutamaliza kila tatizo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Afrika Mashariki nzima. Hapo tatizo lilikuwa njia yenyewe kukatika. Lakini mwisho wa mwezi haukati waya wowote.

Na wewe, siku ikikwama

Mpaka hayo yatimie, jilinde:

- Usitume mara ya pili kwa haraka. Ukituma tena, mfumo unaweza kuupa muamala namba mpya na kuuhesabu kuwa malipo mengine. Usitegemee kwamba utajua ulikuwa unarudia.
- Angalia salio na orodha ya miamala kwanza. Salio likiwa limepungua, pesa iko njiani. Likiwa halijapungua, ngoja kidogo uangalie tena.
- Ukiwa wewe ndiye unayelipwa, usikubali picha ya meseji ya mwenzio. Angalia salio lako mwenyewe.
- Andika saa, kiasi na namba ya muamala kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja. Tumia namba rasmi pekee.
- Mfumo ukilala, matapeli wanaamka. Anayekupigia akisema anakusaidia "kufungua muamala uliokwama" na anataka namba yako ya siri, kata simu. Hakuna mfanyakazi anayeihitaji.

Shangazi siku hizi ana utaratibu wake. Ikifika mwisho wa mwezi, anaweka noti za jumla ya shilingi 2,000 kwenye kitambaa, anazifunga kwenye pindo la leso. Nilimuuliza kama ameacha kuiamini simu. Akasema, "Naiamini. Lakini bamvua nalijua."

Ningependa siku moja afungue lile pindo, atumie simu yake tarehe 30 bila wasiwasi. Hilo haliko mikononi mwake. Liko mikononi mwetu sisi tunaomwambia kila siku kwamba simu ni salama kuliko noti.

Wewe je, umewahi kukwama siku ya mwisho wa mwezi? Ulifanya nini? Tuandikie hapa chini, bila kutaja namba yako ya simu wala ya siri.